Kabla ya kuongeza nguvu, uliza breki

Juma hili nataka tuzungumze juu ya magari makuukuu tunayoyafanyia mabadiliko, na juu ya watu tunaowakabidhi magari hayo, yaani mafundi. Najua wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya wenye magari. Sivyo. Huku kwetu Rangwi asiye na gari ndiye anayepanda gari la mwenzake. Mama anayekimbizwa hospitali ya wilaya usiku wa manane hapandi gari la kuchagua, anapanda lililopatikana. Mkulima mwenye magunia yake ya viazi na matenga yake ya nyanya anakaa juu ya mzigo wake kwenye gari hilo hilo. Kwa hiyo gari moja likitengenezwa vibaya, ubaya huo unabebwa na kijiji kizima.

Kwa wale wasioifahamu njia yetu, niieleze kidogo. Kutoka Rangwi hadi Lushoto mjini, sehemu kubwa ni barabara ya udongo, kona juu ya kona, unapanda na kushuka. Masika ikiingia, kati ya Machi na Mei, udongo ule mwekundu hugeuka sabuni. Ukishafika Lushoto unakutana na lami, lakini bado hujasalimika. Kutoka hapo kupitia Soni hadi Mombo unateremka mita zipatazo elfu moja, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili korongo. Dereva wa bondeni huliuliza gari lake kama lina nguvu ya kupanda. Dereva wa Usambara huuliza kwanza kama lina uwezo wa kusimama.

Katika njia kama hii ndimo Land Rover ilimojipatia jina. Hata leo, pamoja na pikipiki, magari ya Kijapani na malori ya mboga, bado ziko Land Rover za zamani zinazopanda na kushuka milima hii zikiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake. Na si huku tu. Mwezi Oktoba 2024, wapenzi wa gari hili walikusanyika mjini Arusha wakiwa na Land Rover zaidi ya elfu moja, nyingine zimetoka nchi jirani. Aliyekuwa na shaka kwamba gari hili lina wenyewe, siku hizo alipata jibu.

Mimi ni mmoja wa wenyewe hao. Ninayo Land Rover 109, kuukuu, rangi yake haijulikani tena kama ni kijani au ni kijivu. Nilisomea uandishi wa habari, na stashahada yangu ni ya kalamu na kinasa sauti, wala si ya spana. Lakini mtu akikaa na gari la namna hiyo miaka kadhaa huku milimani, hujifunza kwa kulazimika. Hayo niliyojifunza, kwa kuuliza na kwa kusoma, ndiyo ninayotaka tugawane leo.

Gari hili lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, na huko Uingereza chuma kilikuwa cha mgawo. Kampuni ya Rover ikaamua bodi itengenezwe kwa aluminiamu. Ndiyo maana unaweza kuona Land Rover ya miaka 50 ambayo bodi yake imebonyea kila mahali lakini hakuna tundu la kutu. Watu wengi hudanganyika hapo. Chasisi yake ni ya chuma, nayo ina uwazi ndani kama bomba la pembe nne. Maji na matope huingia humo yakakaa, na kutu ikaanza kula kutoka ndani kuja nje. Siku unapoiona, imekwisha kula. Mtu anayetazama bodi akasema gari zima, hajalitazama gari.

Ile tunayoiita 109 imepewa jina hilo kwa sababu kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma ni inchi 109. Toleo la tatu lilianza mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985. Mwaka 1983 ilikuja 110, yenye springi za mviringo badala ya zile za majani, na breki za diski mbele badala ya madramu. Jina la Defender lilianza mwaka 1990, na ya mwisho ya ukoo huo ilitoka kiwandani Solihull mwezi Januari 2016. Defender mpya iliyozinduliwa mwaka 2019 ni gari jingine kabisa, lenye kompyuta kila pembe, na hatulizungumzii leo.

Sasa kwa nini watu wanabadilisha injini za magari haya? Sababu ya kwanza ni mafuta. Injini ya petroli ya 109, ya lita mbili na robo, hula lita moja kwa kilomita tano au sita, na kwa mzigo na mlima hula zaidi. Sababu ya pili ni nguvu. Injini hiyo ina nguvu za farasi 70 na kitu tu. Ukiipakia magunia ikakutana na mlima, unaweza kushuka ukatembea kando yake mkizungumza. Basi mwenye gari husikia kwamba mjini iko injini ya dizeli ya Kijapani, imetolewa kwenye gari lililopata ajali, bei nafuu. Anakusanya fedha za kabichi, anainunua, anatafuta fundi wa kuifunga. Siku ya kwanza gari linapanda kama halina mzigo. Watu wanashangilia. Mwenye gari anaona amezaliwa upya.

Hamu hii ya kutia injini kubwa katika gari lisiloumbwa kwa ajili yake si yetu peke yetu. Wamarekani waliifanya kuwa biashara na karibu kuwa dini. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua gari lake la ukubwa wa kati, ikalitia injini ya silinda nane ya lita 6.4 na kuliita GTO. Vijana walilipigania. Makampuni mengine yakafuata, na magari ya namna hiyo yakapata jina la magari ya misuli. Lakini hebu zingatia jambo hili: GTO ile ya 1964 ilikuwa na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Misuli ilikuwa ya kukimbilia, si ya kusimamia. Hata leo, wanaomiliki magari hayo huko Marekani, moja ya kazi za kwanza wanazompa fundi ni kubadilisha breki za mbele ziwe za diski.

Wala usidhani mambo ya Marekani na ya Land Rover hayakutani. Yalikutana ndani ya boneti moja. Mwaka 1961 kampuni ya Buick ya Marekani ilitoa injini ya silinda nane ya lita tatu na nusu, nyepesi, ya aluminiamu. Baada ya miaka michache Wamarekani wakaiacha. Mwaka 1965 Rover wa Uingereza wakanunua haki ya kuitengeneza, wakaitia katika Range Rover iliyotoka mwaka 1970, na mwaka 1979 wakaitia katika Land Rover 109. Na hapa ndipo penye somo la leo. Walipoitia katika 109, waliipunguza nguvu hadi farasi 91, ilhali katika Range Rover injini hiyo hiyo ilikuwa na zaidi ya 130. Tena waliibadili giaboksi ili nguvu iende mbele na nyuma wakati wote, mzigo usiangukie eksli moja. Yaani kiwanda chenyewe, chenye wahandisi na mashine za kupimia, kilipotaka kuongeza nguvu katika gari hili, kilipunguza kwanza na kugawanya kwanza. Sisi tuna haraka gani?

Niwaeleze haraka hiyo inavyolipwa. Jirani yangu mmoja alifungiwa injini ya dizeli katika 109 yake, kwenye gereji ya mjini. Kazi ya injini ilikuwa safi, sina la kuilaumu. Gari likapanda vizuri kwa majuma mawili. Juma la tatu alipakia viazi kupeleka Mombo. Kwa kuwa gari sasa lilikuwa na nguvu, mzigo uliongezwa. Hiyo ndiyo tabia yetu, nguvu ikionekana hupewa kazi. Walipopita Soni na kuanza kuteremka, dereva akasikia harufu ya breki. Baada ya kona chache pedali ikawa inazama mpaka chini bila kushika. Aliyeliokoa gari ni dereva kwa kurudisha gia ndogo, na utingo aliyeruka na jiwe mkononi akalitupia nyuma ya hatua kwa hatua mpaka likaingia mbele ya gurudumu. Hakufa mtu. Lakini watu saba walikuwa juu ya magunia yale.

Kilichotokea ni jambo la kawaida, halina uchawi. Breki za dramu zikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko hupata moto. Dramu likipata moto hutanuka, likaenda mbali na breki shuu, na shuu zenyewe zikipata moto hupoteza uwezo wa kushika. Isitoshe, mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa kadiri yanavyozeeka, na huku kwetu kwenye ukungu unyevu haukosekani. Mafuta yenye maji huchemka upesi, yakatoa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Breki zile zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya injini ndogo na mzigo wake. Injini ilibadilishwa, mzigo ukabadilika, breki zikabaki za mwaka 1975. Na katika siku zote gari lilipokuwa gereji, hakuna mtu aliyemwambia mwenyewe neno juu ya breki.

Breki si deni la pekee. Nguvu ikizidi, shafti za eksli ya nyuma hukatika, kwani hata kwa injini yake ya asili zilikuwa dhaifu. Injini nzito hulaza springi za mbele na kuufanya usukani uwe mzito. Rejeta iliyotosha injini ya zamani inaweza isitoshe mpya, nawe utaona maji yakichemka kabla hujafika kilele. Bamba la kuunganishia injini ya Kijapani na giaboksi ya Kiingereza lazima lichongwe kwa mashine, katikati iwe katikati kweli. Likipotoka unene wa ukucha tu, klachi na beringi ya giaboksi hazimalizi mwaka. Na vishikizo vya injini vinachomelewa kwenye chasisi ile ile niliyosema inaliwa na kutu kwa ndani. Fundi asiyeigonga chasisi kwa nyundo akaisikiliza kabla ya kuchomelea, anachomelea juu ya kutu.

Ndiyo maana nasema, tatizo la gari kuukuu lililobadilishwa si fedha kwanza, bali ni fundi. Na fundi wa kweli wa gari hili anapatikanaje? Wengi wetu tunamtafuta kwa bei au kwa ukubwa wa kibao cha gereji. Rahisi inavunja upishi, na kibao hakifungi nati. Mimi nina maswali matatu ninayoyauliza, nayo hayahitaji mtu awe mtaalamu.

Swali la kwanza: breki ya mkono ya gari hili iko wapi? Fundi asiyelijua atakuonyesha magurudumu ya nyuma, kwa kuwa ndivyo magari mengi yalivyo. Katika Land Rover ya ukoo huu breki ya mkono ina dramu lake peke yake nyuma ya giaboksi, nayo hushika propela shafti, haishiki magurudumu moja kwa moja. Hili si swali la mzaha, ni la uhai. Shafti moja ya eksli ya nyuma ikikatika katika 109, breki ya mkono inashika kitu ambacho hakishiki gurudumu, na gari litateremka, isipokuwa umeingiza gia ya magurudumu yote manne. Vivyo hivyo ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma ukiwa mlimani ukitegemea breki ya mkono tu, difu itaruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka, na gari litakushukia. Weka mawe kwanza, ndipo upige jeki. Kama hukusikia jingine lolote katika maelezo yangu ya leo, lichukue hilo.

Swali la pili: nionyeshe spana zako. Nati za Land Rover za zamani zimepimwa kwa inchi. Injini ya Kijapani imepimwa kwa milimita. Gari lililobadilishwa lina vipimo vya aina mbili katika chombo kimoja. Fundi mwenye spana za milimita peke yake atalazimisha inayokaribiana, itateleza, na nati italika pembe. Ukiona gari lina nati zilizolika pembe kila mahali, ujue limepita mikononi mwa watu wa namna hiyo.

Swali la tatu: waya wa betri unaokwenda kwenye bodi ni upi? Magari karibu yote ya leo, upande wa hasi ndio unaokwenda kwenye bodi. Lakini Land Rover nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 zilikuwa kinyume, upande wa chanya ndio unaokwenda kwenye bodi. Anayelijua hilo atalitazama gari kwanza ndipo ajibu. Asiyelijua atajibu upesi, na siku atakapofunga alteneta mpya bila kutazama, ataiunguza, nawe utaambiwa kuwa ilikuwa feki.

Hayo ni maswali ya ujuzi. Lakini ujuzi bila uaminifu ni hatari zaidi kuliko ujinga, kwa maana mjuzi anajua pa kuiba. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka gari langu kwenye gereji moja, jina nitaliacha, kwa kazi ya pampu ya maji tu. Baada ya siku nne nikarudishiwa, pampu imefungwa, sina shida. Majuma machache baadaye stata ikaanza kulia kama mbuzi anayechinjwa. Nikaenda kwa mzee mmoja wa huku milimani, fundi wa Land Rover tangu ujana wake.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Imekuwaje tena?”

Nikamweleza. Akaingia chini ya gari, akakaa kimya kwa muda, kisha akatoka akijifuta mikono.

“Stata hii siyo uliyoondoka nayo kwangu.”

“Umejuaje mzee?”

“Kila ninachokifungua nakipiga alama kwa ncha ya patasi. Hii haina alama yangu.”

Stata yangu nzima ilikuwa imekwenda kuliwasha gari la mtu mwingine. Sikuweza kuthibitisha lolote, kwa kuwa gereji ile haikuwa imeandika kitu zaidi ya pampu ya maji. Tangu siku hiyo mimi nami napiga alama, na kabla gari halijaingia gereji yoyote huandikwa orodha ya vifaa vilivyomo, tukatia sahihi wawili. Fundi mwaminifu hachukizwi na orodha. Atakayechukizwa, amekujibu.

Mzee yule ndiye aliyenifundisha, pasipo kukusudia, namna ya kumpima fundi kwa mwenendo wake. Kwanza, husikiliza kabla ya kufungua. Huuliza gari linalia lini, likipanda au likishuka, likiwa baridi au moto. Pili, kila spea kuukuu anayoitoa hukurudishia mkononi, hata kama haina thamani, ili uone mwenyewe palipolika. Tatu, hasemi analijua jambo asilolijua. Siku moja kijana alimletea Land Rover ya Td5, ile injini iliyoanza mwaka 1998 na inayoendeshwa kwa kompyuta. Mzee akamwambia wazi, “Hii mwanangu inataka mashine ya kuisoma, mimi sina. Nenda Tanga au Arusha.” Alikataa fedha iliyokuwa mbele yake. Nne, na hili ndilo kubwa, kazi ya breki haiiti imekwisha mpaka apande yeye mwenyewe, ateremke na gari lile kipande cha mlima, mwenye gari akiwa kando yake.

Niliwahi kumwuliza kuhusu kunifungia injini kubwa zaidi. Akaniambia, “Injini hata keshokutwa naifunga. Lakini tuanze na breki, halafu eksli, halafu rejeta. Ukishalipia hayo matatu, kama bado una hamu na fedha, njoo tuzungumze injini.” Nilipopiga hesabu nikaona afadhali nitie madramu na shuu mpya, nisafishe mabomba, nibadilishe mafuta ya breki kila mwaka, na kupanda nipande taratibu. Wapo waliofuata utaratibu wote wa mzee wakafunga injini ya dizeli, na magari yao yanafanya kazi vizuri mpaka leo. Sipingi mabadiliko. Napinga mabadiliko ya nusu.

Hata hivyo, ndugu msikilizaji, tuwe wa haki. Mafundi wengi wamefundishwa uongo na sisi wateja. Fundi akikuambia hii breki haifai, siku tatu, spea iagizwe Dar es Salaam, sisi tunamwambia, “Nifungie hivyo hivyo nifike sokoni, nikirudi tutaona.” Akikataa, tunahamia kwa jirani yake anayekubali. Akikutajia bei ya kweli, tunamwita mwizi. Anayetaja nusu yake kwa spea feki, tunamwita mtu mwema. Kisha tunakaa na deni lake miezi sita. Fundi asiyelipwa ataishije kama si kwa kuuza stata ya mtu? Simtetei mwizi, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Lipa kwa wakati, dai risiti, na mpe mtu nafasi ya kufanya kazi kama ipasavyo.

Aidha, ipo sheria. Kadi ya gari imeandikwa namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadili injini, mabadiliko hayo yanapaswa kuandikishwa Mamlaka ya Mapato, TRA, nawe uwe na hati ya manunuzi kuonyesha injini imetoka wapi. Wengi hulidharau jambo hili mpaka siku ya ajali, kampuni ya bima inapolinganisha namba na kukuta injini isiyojulikana. Au mpaka siku polisi wanapoitafuta injini iliyoibwa, wakaikuta ndani ya boneti yako. Tena Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka mwenye gari asiliingize barabarani gari bovu. Haisemi fundi peke yake.

Mwisho nina wasiwasi mmoja. Mafundi kama mzee yule wamebaki wachache, na wengi wao wana mvi. Vijana wanakimbilia magari ya Kijapani na pikipiki, kwa kuwa huko ndiko kwenye wateja wengi, wala siwalaumu. Lakini magari haya hayataondoka milimani kesho. Mzee akifa na ujuzi wake, gari litabaki, litaendelea kupakia watu, na litakuwa mikononi mwa mtu asiyejua breki ya mkono iko wapi.

Kwa hiyo nawaomba wenye Land Rover wa Rangwi, Mtae, Mlalo na kwingineko: tafuteni vijana wawili watatu wenye bidii, mwapeleke wakashike spana kwa wazee hawa, na tuchangie posho yao, kama tunavyochangia misiba. VETA nayo ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazi mitaani na kuwapa cheti, bila kuwarudisha darasani miaka mingi. Kijana aliyefunzwa na mzee, kisha akapimwa na VETA, atakuwa na mkono na atakuwa na karatasi. Na wazee nao wasifiche. Ujuzi hauozi kwa kugawanywa.

Wewe usiye na gari pia una kazi. Kabla hujapanda juu ya magunia yale, muulize dereva breki zimetazamwa lini, na nani. Usione haya, uhai ni wako. Akikasirika, subiri gari jingine.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo, saa ile ile.